Barabara ya Ukurasa wa 212

3 Februari

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Sisi huku wazima, tukiliacha goti la mama yako, ambalo siku hizi lina siasa zake: leo linakubali kupanda ngazi, kesho linagoma. Mimi nakula, nalala, nalalamika. Ukisikia nimeacha kulalamika ndipo uje haraka.

Nakuandikia badala ya kukupigia simu, na sababu nitakueleza. Juzi walikuja wapimaji watatu na kopo la rangi nyekundu, wakachora alama kwenye kila ukuta uliosogelea barabara. Sisi tumepona, ni ua tu utarudi nyuma hatua nne. Lakini Fundi Cherehani wamemchora katikati ya chumba cha mbele, kile anachoshonea. Unamjua Fundi, ndiye aliyekushonea sare za shule tangu darasa la kwanza, akiacha pindo refu kila mwaka ili urefuke nalo. Amesema chumba chake hakibomolewi kwa maneno ya mtu mwenye kopo.

Sasa majirani wananitazama mimi. "Mzee Greda," wananiambia, "umeendesha mtambo wa serikali miaka thelathini na moja, na binti yako yuko ofisi ya bajeti ya jimbo. Tuambie, barabara ipo, au tunapigwa changa la macho?" Nikasema nitauliza.

Basi nauliza. Ipo? Niandikie kwenye karatasi. Nikisema binti yangu kaniambia kwa simu, Fundi atacheka mpaka miwani imdondoke.

Mama yako anasema ule vizuri.

Wako,
Baba


15 Februari

Baba, shikamoo. Na Mama shikamoo yake kando, na goti lake nalo lisalimiwe, tusije tukalaumiwa.

Mimi mzima. Kazi ni nyingi, kiti changu kimelegea mguu mmoja, na mkataba wangu bado ni ule wa mwaka mmoja mmoja. Mengine yote mazuri.

Barabara ipo. Iko ukurasa wa 212 wa kitabu cha bajeti, mstari wa tisa: kilomita kumi na mbili za changarawe, mitaro pande zote mbili, na daraja la zege pale korongoni. Najua ni mstari wa tisa kwa sababu niliuchapa mwenyewe. Nilipoumaliza nikabaki natabasamu peke yangu, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata mchumba.

Fidia ya watakaobomolewa iko mstari wa kumi. Mthamini atapita, kisha watalipwa kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Mwonyeshe Fundi barua hii. Mwambie nimesema mimi, yule wa pindo refu.

Mwanao


10 Aprili

Binti yangu,

Salamu, na pole na kazi. Huku afya tunayo, na furaha juu yake.

Barua yako imefanya kazi kuliko greda. Fundi aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia, akasema, "Kama ni yule mtoto, basi." Wiki iliyofuata akauvunja ukuta mwenyewe, tofali kwa tofali, ili apate kuyatumia tena. Cherehani ameihamishia chumba cha nyuma, chumba chenye dirisha dogo, anashona akiwa ameuelekeza uso kwenye mwanga kama anayeoga jua. Nyumba nyingine tano nazo zimevunja kuta. Nilipita mlango kwa mlango, nikiwa na barua yako mfuko wa shati.

Mtambo umekuja! Wameparua kilomita nne, wamechimba mtaro mkubwa pale korongoni, wameng'oa kivuko cha mbao ili wapate nafasi ya daraja. Dereva wao hajui kulaza kisu cha greda. Nilimsimamisha nikamwonyesha, akasema, "Mzee, umeshastaafu, nenda ukapumzike." Nikamwambia mkono haustaafu. Alinipisha nikaendesha hatua mia. Mama yako aliona, amekasirika, lakini alipiga picha.

Mthamini bado hajapita. Mkumbushe.

Wako,
Baba


21 Juni

Binti yangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Hii ni barua ya tatu tangu ile ya Aprili, na simu yako inaita tu mpaka inakata. Mama yako anasema labda una homa. Mimi nasema mtu mwenye homa hupokea simu ili alalamike.

Mtambo ulipandishwa kwenye lori tarehe nane Mei ukaondoka. Tuliambiwa unakwenda matengenezo. Mtambo ule haukuwa mgonjwa, mimi nilikaa juu yake. Mvua imejaza mtaro wa korongoni. Kivuko hakipo, daraja halipo, watu wanavuka kwa ubao mmoja tulioutandika wenyewe. Wanaoogopa ubao wanazunguka saa nzima. Wateja wa Fundi wa ng'ambo wameacha kuja.

Mthamini hajapita. Fundi haniulizi kitu, na hilo ndilo linaloniumiza. Zamani alikuwa akiniuliza hata saa.

Niambie kuna nini. Hata kama ni kibaya, niambie.

Baba


5 Julai

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Samahani kwa kimya. Mwisho wa mwaka wa fedha ofisini ni kama nyumba inaungua, kila mtu anakimbia na ndoo. Mradi haujafa. Kuna taratibu zinarekebishwa, na robo ya kwanza ya mwaka mpya mambo yatakaa sawa. Nimemtumia Mama hela kidogo za dawa ya goti.

Msiwe na wasiwasi.

Mwanao


2 Agosti

Binti yangu,

Salamu.

Jana nilikwenda ofisi ya kata. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karani akachoka kuniona, akanitolea faili. Ndani mna kitu kinaitwa bajeti ya marekebisho. Mistari yetu yote miwili imetolewa, kilomita kumi na mbili, daraja na fidia. Fedha zimekwenda "ukamilishaji wa jengo la makao makuu ya jimbo". Nikamuuliza karani ukamilishaji wa nini, jengo si lilishafunguliwa? Akasema lifti, vigae, na chemchemi ya maji mbele ya mlango.

Nikamwambia fedha za wananchi hazihamishwi hivi hivi. Akasema, "Mzee, mbona mlikubali wenyewe?" Akafunua ukurasa wa nyuma. Muhtasari wa mkutano wa wakazi, tarehe ishirini na tisa Mei, wakazi arobaini na mmoja, wamekubali kwa kauli moja barabara isubiri. Mkutano huo haukuwepo. Tarehe hiyo nilikuwa korongoni na wenzangu tukitandika ule ubao.

Jina la kwanza kwenye orodha ni langu. Mbele yake iko saini yangu. Nimeishika karatasi ile karibu na macho. Si saini yangu ya benki, wala ile niliyokuwa nikiitia kazini. Ni ile yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina, ninayoiweka kwenye barua za mtu mmoja tu.

Chini kabisa imeandikwa "Umeandaliwa na". Nimelisoma jina. Karani aliniuliza kama nataka maji.

Sitaki hela za goti. Nimemwambia mama yako zimechelewa. Nataka uniambie saini yangu uliitoa wapi.

Baba


14 Agosti

Baba, shikamoo.

Nimeitoa kwenye barua zako. Niliiweka barua yako ya Aprili kando ya karatasi ya muhtasari nikaiiga, mara ya kwanza mkia ukapinda, mara ya pili ikatoka sawa. Majina mengine nimeyatoa kwenye barua zako hizo hizo. Fundi nimemwandika wa saba.

Nakueleza ilivyokuwa, si ili unisamehe. Mwishoni mwa Mei Mkurugenzi wa Fedha aliniita ofisini kwake, akafunga mlango mwenyewe. Akasema mkandarasi wa jengo asipolipwa kabla ya mwaka kufungwa, jimbo litashtakiwa, na fungu pekee ambalo halijatumika sana ni barabara yetu. Sheria inataka wakazi wakubali. Nikamwambia hakuna muda wa kuitisha mkutano. Akasema, "Baba yako si anaishi huko huko? Utashindwaje kujua watu wa huko wanasema nini?" Kisha akasema mikataba ya kudumu inasainiwa wiki hiyo, na jina langu liko karibu na juu.

Aliapa barabara itarudi robo ya kwanza. Nilimwamini, au nilihitaji kumwamini ili niweze kushika kalamu. Mkataba wenyewe hadi leo sijaupata.

Sasa nisikilize. Nimenakili kila kitu: maagizo yake kwangu, hati za malipo, ratiba halisi ya ofisi ya tarehe hiyo. Wakaguzi wa nje wanaingia tarehe kumi Oktoba, nami nitawakabidhi mwenyewe na kusema nilichofanya. Karatasi ya pili ya barua hii nimekuorodheshea nakala zote, kila moja imebeba nini, nani ameisaini na nimezificha wapi, ili nikipatwa na jambo, uwepo ushahidi kwamba zilikuwepo.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwonyeshe mtu barua hii mpaka Oktoba. Wakijua mapema watafuta kila kitu na kuniachia mimi mzigo wote. Baba, ningoje.

Mwanao


4 Septemba

Binti yangu,

Salamu. Mama yako hajambo.

Fundi ameanguka. Jumatatu mchana alikuwa anavuka ubao na furushi la nguo za wateja kichwani, kwa sababu wateja wasipomfuata inabidi awafuate. Ubao ulikuwa umelowa. Ameangukia mawe ya mtaro, nyonga imevunjika. Tulimlaza kwenye mlango tulioung'oa nyumbani kwetu, watu wanne tukambeba kwa njia ya kuzunguka. Njia nzima hakulia. Tulipofika hospitali akanishika shati, akasema, "Greda, ile barua bado unayo?" Alikuwa anasema ile ya Februari. Na mfuko ule ule aliokuwa ameushika ulikuwa na hii ya Agosti.

Siwezi kukueleza nilivyojisikia. Nimekaa ubavuni pa kitanda chake siku mbili, ananiomba radhi kwamba alininunia. Yeye ananiomba mimi radhi!

Siku ya tatu akaja mjumbe wetu wa baraza la jimbo kumtazama. Akalia mbele ya watu, akasema angekuwa na ushahidi angeliinua suala hili barazani mwao kesho yake. Nilimwita kando kwenye korido nikampa barua yako, karatasi zote mbili. Nilijua umesema Oktoba. Lakini Oktoba ilikuwa mbali, na yule mtu alikuwa kitandani mbele yangu. Nikajiambia ukweli ukishatoka utakulinda na wewe.

Amenishika mkono kwa mikono yote miwili. Ameniahidi jina lako litasemwa vizuri.

Wako,
Baba


28 Septemba

Baba,

Mjumbe wako hakwenda barazani. Alikwenda kwa Mkurugenzi. Sijui waliongea nini, ila najua kata yake ya nyumbani imepata soko jipya kwenye mgawo wa wiki hii, maana mgawo huo ulipita mezani kwangu asubuhi, kabla meza yenyewe haijafungwa.

Walikuja siku hiyo hiyo saa nne, askari wawili na mtu wa kompyuta. Walibeba mashine, wakabeba droo nzima, wakaenda hadi kwenye chumba nilichopanga wakachukua bahasha chini ya godoro. Walijua waitafute wapi. Mahali ilipo bahasha niliandika kwenye karatasi ya pili. Nilikuandikia wewe.

Jana barua yangu ilisomwa mbele ya kamati ya hesabu. Karatasi ya kwanza tu, na hata hiyo waliisoma mpaka pale ninaposema saini ilitoka sawa mara ya pili, wakaishia hapo. Karatasi ya pili hakuna aliyewahi kuiona. Mkurugenzi alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema ndiyo shida ya kuajiri vijana wenye maslahi vijijini kwao.

Nimesimamishwa kazi. Nimeshtakiwa kwa kughushi. Nina dhamana.

Zilikuwa zimebaki siku thelathini na sita tu.

Mwanao


11 Oktoba

Binti yangu, mama yangu,

Nimeshika kalamu mara nyingi. Salamu nazo naona aibu kuziandika, lakini zipokee.

Nilimfuata mjumbe nyumbani kwake. Mlinzi akasema amesafiri, na gari lake lilikuwa limeegeshwa nyuma ya mlinzi. Nikakaa getini siku nzima. Jioni akatoka mke wake akanipa nauli. Sikuichukua.

Sina la kujitetea. Uliniomba nikungoje nami sikukungoja. Niseme tu kwamba na wewe uliichukua saini yangu bila kuniomba, nikisema hivyo najiona kama mtu anayepanga bei sokoni. Kwa hiyo sisemi.

Mama yako ameshajua yote. Hajanisemesha tangu Jumapili, ananiwekea chakula anaondoka.

Nimepata wito wa mahakama. Waendesha mashtaka wananitaka niwe shahidi wao, niseme kama saini ni yangu. Lakini karatasi ya pili niliisoma mara nyingi sana kabla ya kuitoa, naijua kama njia ya kwenda kazini. Nitaisema yote mbele ya hakimu, nukta kwa nukta. Hawawezi kuing'oa kichwani mwangu.

Wako, kama bado unanihesabu,
Baba


20 Januari

Baba, shikamoo.

Kesi ni tarehe sita mwezi ujao. Mkurugenzi amemtuma mtu kwangu, mtu mpole, amekuja na matunda. Amesema hivi: ukiulizwa kuhusu saini, ukijibu kwamba ni yako, kesi inaanguka siku hiyo hiyo. Ninarudi mezani kwangu, mkataba wa kudumu unasainiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Lakini ukishasema hivyo, muhtasari unakuwa halali. Barabara itakuwa imeondolewa kwa ridhaa yenu, na Fundi atakuwa amebomoa chumba chake kwa hiari yake.

Sikuombi useme hivyo, nakueleza tu. Nimeandika barua hii mara nne, na kila nikifika mstari huu naona kwamba nakuomba.

Usinijibu kwa barua. Barua zetu zimetosha. Nitasikia pale pale.

Mwanao


14 Machi

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Hukumu ilisomwa jana. Kifungo cha nje miaka miwili, na sitaajiriwa tena serikalini. Nimehama chumba kile, kwa hiyo barua za anwani ya zamani zitakurudia. Nimepata kazi ya kupanga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Mkurugenzi amehamishiwa idara ya maji, cheo kile kile.

Muhtasari umefutwa, na kamati imeagiza barabara irudishwe kwenye bajeti ijayo pamoja na fidia. Sijui itakuwa ukurasa gani. Fundi aandike madai yake kwa jina lake mwenyewe, ayapeleke kwa mkono wake, adai risiti, asimpitie mtu yeyote.

Nataka kusema jambo moja kuhusu siku ile ya ushahidi, kwa sababu tulipotoka nje nilikupita nikaingia garini, nawe ulibaki umesimama na kofia mkononi. Huenda unadhani nilikasirikia jibu lako.

Wakili wa mashtaka alikuonyesha karatasi, akakuuliza, "Mzee, saini hii ni yako?" Ulivua miwani, ukaifuta kwa pindo la shati, ukaivaa tena. Ukasema, "Si yangu." Akakuuliza una hakika. Ukasema, "Mkono wangu naujua." Kisha ukaanza kuisema karatasi ya pili. Hakimu akakuambia ujibu ulichoulizwa. Hukunyamaza. Ulisema sentensi tatu nzima, neno kwa neno kama nilivyoziandika, mpaka karani akakushika bega ukakaa. Hazikuandikwa kwenye mwenendo wa kesi, lakini nilizisikia. Ahsante kwa hizo.

Jibu lako lilikuwa la kweli. Ningekuwa mimi mahali pako ningesema hilo hilo.

Ila wakati unajibu ulikuwa unamtazama Fundi, pale benchi la pili na magongo yake. Mara ya kwanza, na mara ya pili. Aliitikia kidogo kwa kichwa, nikaona mabega yako yanashuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Mimi nilikuwa kizimbani, hatua tano kutoka kwako, nimesimama peke yangu, nakungoja unitazame.

Ningekuwa mimi, Baba, ningesema si yangu, na ningekutazama wewe.

Mwanao